JINA CHINI YA KIATU



Ndugu zangu katika imani, nilipokwenda Los Angeles kutoa darsa, mwenyeji wangu, kijana wa Mombasa anayeishi kule, aliniambia, "Sheikh, huwezi kurudi nyumbani bila kuiona Hollywood." Nikacheka, lakini kusema kweli moyo ulitaka. Asubuhi tukakata tiketi, tukapanda basi lisilo na paa, mwongoza watalii kashika kipaza sauti.

Alianza na yale maandishi meupe mlimani. Kila herufi ina kimo cha karibu mita 14. Akatueleza kuwa yaliwekwa mwaka 1923 kutangaza viwanja vya kujenga nyumba, na wakati huo yalisomeka HOLLYWOODLAND. Mwaka 1949 herufi nne za mwisho zikaondolewa. Subhanallah! Tangazo la viwanja, leo watu wanavuka bahari kulipiga picha.

Tukashuka kwenye ile njia ya nyota. Chini, wanapopita watu, zimepangwa nyota zaidi ya 2,700, kila moja na jina la mtu maarufu. Wala haziwekwi bure, kila nyota hulipiwa makumi ya maelfu ya dola. Nikasimama juu ya jina nisilolijua, nikauliza, "Huyu alikuwa nani?" Mwongozaji akainama, akatazama. "Hii alama ya kipaza sauti maana yake alikuwa mtu wa redio. Zaidi ya hapo sijui."

Yeye hupita hapo kila siku. Mtu ambaye zamani sauti yake iliingia majumbani mwa watu, leo amebaki alama, na viatu vyetu juu yake.

Kisha akatupeleka kwenye ukumbi wa Dolby, zinakotolewa tuzo za Oscar. Ukutani ipo nyota moja tu, ya Muhammad Ali, iliyowekwa mwaka 2002. Nyingine zote ziko chini. Alikataa yake iwekwe chini kwa sababu amebeba jina la Mtume Muhammad (S.A.W.), na hakukubali jina hilo likanyagwe. Abiria wenzangu, wengi wao si Waislamu, wakanyamaza kwa heshima.

Mimi nilikuwa nimeinua simu, najirekodi. Nilikuwa nimerudia mara tatu, kofia ikae sawa, jua lisinipige usoni. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla ya witri, nilikuwa nahesabu waliotazama darsa langu.

Mkono ukashuka wenyewe. Bondia amelilinda jina la Mtume lisikanyagwe. Mimi ninayelitaja juu ya mimbari, nilikuwa nalifanya ngazi ya kulipandishia jina langu.

Ndugu yangu, kujulikana si dhambi. Ali alijulikana dunia nzima. Shida ni pale amali inapokuwa haina ladha mpaka ionekane. Mtume (S.A.W.) alituhofia riya, akaiita shirki ndogo, na aliokuwa akiwaambia hayo ni Maswahaba. Sisi wenye simu mkononi tuna dhamana gani? Unatoa sadaka, kamera kwanza. Unakwenda Umra, watu wanajua hoteli yako kabla hujamaliza tawafu. Na sisi masheikh tumo humo humo, tena pengine mbele yenu.

Dawa yake ifanye leo. Chagua ibada moja ndogo asiyoijua mtu, hata mkeo, hata mumeo. Rakaa mbili usiku, au deni unalomlipia jirani asijue nani kalipa. Hiyo iwe akiba yako.

Adhuhuri tuliswali Msikiti wa King Fahad, Culver City, barabara ile ile yenye studio kubwa ya filamu. Nikasimama safu ya nyuma. Hakuna aliyenijua, hakuna aliyeniita sheikh. Wallahi, katika sijda ile nilipata utulivu ambao nilikuwa nimeusahau.

Video ile bado iko kwenye simu yangu, sijairusha. Na leo sitawaomba msambaze andiko hili. Niombeeni dua tu.

Ewe Mola wetu, zitakase amali zetu, utusitiri aibu zetu, na uyaandike majina yetu mahali ambapo hayafutiki. Aamiin.