Umefika Wapi?

Leo siandiki juu ya vina wala mizani. Nataka kuwasimulia jinsi hadithi yangu ilivyorudishwa kibarazani kwangu, hapa Chonyonyo, Karagwe, na msichana wa kidato cha pili.

Niliiandika kwa mkono katika kaunta buku, nikiwalenga vijana wa rika lake. Ilimhusu binti wa mkulima wa kahawa anayerubuniwa na kijana wa bodaboda, anaacha shule, kisha anajuta. Nilijivunia Kiswahili chake, kila methali ikiwa imekaa mahali pake. Nikamwazima binti wa jirani. Siku ya nne akaja, akaniamkia, akanikabidhi daftari kwa mikono miwili.

"Umejifunza nini?" nikamuuliza.

"Nisipande pikipiki za watu," akajibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Lakini mwalimu, nilijua tangu ukurasa wa pili. Huyu dada hacheki. Hana hata rafiki. Yupo tu anangoja kukosea."

Nilimshukuru, naye akaenda zake. Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kumbe nilikuwa nimeandika hotuba nikaivika gauni.

Nikakumbuka ujana wangu na Rosa Mistika. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na miaka ya baadaye ikaingia katika orodha ya vitabu vya sekondari. Nakala niliyoisoma mimi haikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa sababu ilikuwa imepita mikono mingi. Hakuna mwalimu aliyetuagiza tuisome. Tuliisoma kwa kuwa ndani yake tulimwona baba ambaye ukali wake unamnyima binti nafasi ya kujifunza kujitawala, na binti anayelipa gharama ya malezi hayo. Mafunzo yamo tele mle. Hata hivyo, mwandishi hakumuumba Rosa ili amwadhibu. Alimpa kwanza uhai, nasi tukahuzunika kama tuliofiwa na dada.

Vijana wetu wa leo wanakutana na vitabu kwa njia nyingine. Mtoto wa hapa hulelewa kwa Kinyambo, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo mengi hugeuka Kiingereza na Kiswahili hubaki na nafasi ndogo. Huo ndio umri anaoanza kujiuliza yeye ni nani, anampenda nani, na kwa nini wazazi wake wanagombana. Lugha anayoweza kuyauliza hayo bila kigugumizi imebaki vipindi vichache kwa wiki. Na hata katika vipindi hivyo, wengi humjua Zita na Peter wa Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo inayosawiri umaskini wa kweli, kwanza kama hoja za kujibia mtihani: dhamira, migogoro, ujumbe. Kitabu kinaisha kabla hakijaanza kusomwa.

Silaumu mtihani peke yake. Swali langu la kibarazani lilikuwa lilelile la mtihani.

Basi nikaanza upya. Jioni nilikaa karibu na bomba la maji, mahali vijana wanaposubiri zamu ya kukinga, nikasikiliza. Wanarukia Kinyambo wanapotaka kutaniana, wanarudi kwenye Kiswahili wanapotaka kujigamba. Wanacheka hata wakisimulia shida. Binti wa hadithi yangu nikampa rafiki mwenye mdomo mkali. Kijana wa bodaboda akaacha kuwa shetani: pikipiki si yake, kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye chombo, na anaogopa kurudi mikono mitupu. Methali nikazipunguza, nikabakiza mbili, zote kinywani mwa bibi. Mwisho sikuufunga. Binti amesimama njia panda, mvua inakaribia, na msomaji ndiye anayejua alichomshauri moyoni.

Nikampelekea yule msichana daftari jipya. Wiki ikapita, halikurudi. Nilipokutana naye njiani akitoka shule, nilijizuia nisiulize amejifunza nini.

"Umefika wapi?" nikasema.

"Nilimaliza, mwalimu. Sasa liko kwa rafiki yangu, na dada yake anasubiri." Akatembea hatua chache, akageuka. "Yule kaka, hesabu yake aliipata?"

Nilimjibu kwamba sijui. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa, kisha akaanza kunieleza yeye anavyodhani, tukatembea hivyo hadi kwenye migomba ya kwao.

Daftari lilirudi baada ya mwezi mmoja, lina doa la mchuzi wa maharage na kona zimekunjamana. Mmoja wao ameandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, kumwonya binti asimwamini rafiki yake. Sikulifuta.

Malenga wenzangu, tunaowalalamikia vijana kwamba hawasomi, tuwaandikie watu wanaocheka. Na tukiwapa kitabu, tuwaulize wamefika wapi.