Namba Sita Anayekumbukwa kwa Mabao

Mtajie shabiki wa soka wa Kenya jina la Victor Wanyama, naye atakujibu kwa mabao mawili. La kwanza ni kichwa alichowapiga nacho Barcelona pale Celtic Park mwezi Novemba 2012, kutokana na kona ya Charlie Mulgrew, usiku ambao Celtic walishinda 2–1 huku wageni wakikaa na mpira karibu muda wote. La pili ni kombora la Anfield, Februari 2018, akiwa ndiyo kwanza ametoka benchi. Sibishani na uzuri wa mabao hayo. Ninacholalamikia ni kwamba yametuzoesha kumkumbuka kwa kazi ambayo si yake. Wanyama alikuwa namba sita, kiungo mkabaji, na ukitaka kujua ukubwa wake, tazama zaidi safu ya mabao ambayo timu zake hazikufungwa.

Wala hakuzaliwa namba sita aliyekamilika. Alipoingia Harambee Stars mwaka 2007 alikuwa kijana wa miaka 15, mdogo wake McDonald Mariga, na kwa muda mrefu jina la kaka ndilo lililomtangulia. Beerschot ya Ubelgiji ilimkomaza, Celtic ikamchukua mwaka 2011, na huko Uskoti mara nyingine alirudishwa kucheza beki wa kati. Southampton walipomnunua mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, ada ambayo hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kuipokea, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nguvu alikuwa nazo tele. Kipimo ndicho kilichokuwa kikimpotea: katika msimu wake wa mwisho Southampton alitolewa nje kwa kadi nyekundu zaidi ya mara moja, na anayemsifu bila kulitaja hilo anampaka rangi. Mkabaji anayewaacha wenzake kumi uwanjani amewaongezea kazi aliyoajiriwa kuwapunguzia.

Kilichobadilika kilibadilika Tottenham, msimu wa 2016–17, chini ya Mauricio Pochettino, kocha aliyekuwa amemfundisha tayari Southampton. Msimu uliotangulia Spurs walimaliza wa tatu kwa pointi 70 na kufungwa mabao 35. Wanyama alipokuja walimaliza wa pili kwa pointi 86, wakafungwa 26, na nyumbani White Hart Lane hawakupoteza hata mechi moja ya ligi. Alicheza mechi 36 kati ya 38. Mtu atasema, na ana haki ya kusema, kwamba ngome ile ilikuwa imara kabla yake: Alderweireld na Vertonghen walikuwapo, Lloris alikuwa golini, na pembeni ya Wanyama alisimama Mousa Dembélé, ambaye kumnyang'anya mpira ilikuwa kama kumnyang'anya mama mtoto. Kweli tupu. Lakini tazama kilichompata Eric Dier. Msimu uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa pale katikati. Ujio wa Wanyama ulimpa kocha nafasi ya kumrudisha Dier nyuma na kucheza na mabeki watatu, kisha Walker na Rose wakapanda pembeni bila kuangalia nyuma kila dakika. Mbio zao zilionekana. Aliyebaki kuziba pengo walilotoka hakuonekana, na ndivyo kazi ya namba sita ilivyo ikifanywa vizuri. Cha ajabu, hata mechi ya kuuaga uwanja ule, dhidi ya Manchester United, inamkumbuka kwa bao la kichwa la dakika za mwanzo!

Pingamizi zito zaidi latoka nyumbani. Akiwa nahodha, Kenya ilifika Kombe la Mataifa ya Afrika mara moja tu, Misri 2019, ikaishia makundi: ilifungwa na Algeria na Senegal, ikaishinda Tanzania 3–2. Nahodha mkubwa mbona hakuivusha? Lakini tunamdai mkabaji deni la timu nzima. Namba sita huilinda timu iliyopangwa. Hawezi kuipanga akiwa peke yake, hasa wenzake wanapokutana kwa siku chache tu kabla ya mechi. Alistaafu timu ya taifa mwaka 2021 na hesabu hiyo ikafungwa ikiwa na upungufu, ila upungufu huo si wa mtu mmoja.

Goti lililoumia Agosti 2017 lilimweka nje hadi Januari, na aliporudi hakuwa tena mtu wa mechi 36. Usiku wa Mei 2019 huko Amsterdam, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, alianza. Ajax wakaongoza 2–0, na mapumzikoni Pochettino akamtoa ili amwingize mshambuliaji, Fernando Llorente. Spurs wakashinda 3–2 na kwenda fainali, na Wanyama akaitazama fainali hiyo kutoka benchi. Uamuzi wa kocha ulikuwa sahihi. Timu inayohitaji mabao matatu ndani ya dakika 45 haina cha kulinda.