Njia nne za damu

Mtu akianguka ghafula hapa kwetu Kalemie, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, majirani hukusanyika mlangoni, na swali la kwanza wanaloulizana ni hili: "Nani amemtenda?" Wachache tu huuliza ni ugonjwa gani uliompata. Bado hajalazwa kitandani, na tayari jina la mtu limekwisha kutajwa kwa sauti ya chini: labda shangazi mjane, labda jirani aliyegombana naye sokoni. Ndugu wasomaji, sisi tunaozuru wagonjwa wa parokia tumeliona jambo hilo mara nyingi, nasi twadhani yafaa kulitazama vizuri. Maana saa ile watu wawili wamo hatarini: mgonjwa anayekosa matibabu, na mtu asiye na kosa anayeitwa mchawi.

Basi, na tuanze kwa kujifunza jinsi Mungu Mwumba alivyoupatia ubongo chakula chake.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1 na gramu 400, yaani sehemu 2 tu katika 100 za mwili wote. Lakini ni mlaji mkubwa. Mtu akiwa amepumzika, kama sehemu 15 katika 100 za damu inayosukumwa na moyo huenda ubongoni; na katika oksijeni yote inayotumiwa na mwili, ubongo hutwaa kama sehemu 20 katika 100. Kwa dakika moja hupita humo damu ya karibu robo tatu ya lita, mchana na usiku, hata tunapolala. Tena ubongo hauna ghala. Ini na misuli huweka akiba ya chakula. Ubongo hula kile unacholetewa saa ile ile. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia kwa muda wa sekunde 10 hivi, na baada ya dakika chache ubongo waanza kufa.

Chakula hicho huletwa kwa njia nne. Mbili ziko mbele, kulia na kushoto kwa shingo. Ukiweka vidole taratibu kando ya koromeo, utasikia mshipa ukipiga. Mshipa huo hugawanyika juu kidogo: tawi moja laulisha uso, na la pili lapanda mpaka ndani ya fuvu. Njia mbili nyingine zimefichwa nyuma. Mifupa ya shingo ina vitundu pembeni, nayo mishipa hiyo hupanda ndani yake, mfupa kwa mfupa, kama uzi upitavyo katika punje za rozari. Kisha huingia kichwani kwa tundu kubwa lililo chini ya fuvu, na hapo miwili huungana kuwa mmoja.

Ajabu iliyo kubwa zaidi iko chini ya ubongo. Hapo njia za mbele na njia za nyuma zimeunganishwa kwa vijia vyembamba, hata zikafanya duara. Katika duara hiyo hutoka matawi makubwa matatu kila upande: la mbele, la kati na la nyuma, nayo huugawia ubongo wote damu. Sisi watu wa Kalemie hatuna shida kuelewa faida yake, kwa sababu mji wetu pia haukutegemea njia moja. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Bandari hupokea meli za Kigoma na za Bujumbura. Kuna na barabara ya kwenda Moba. Vita vilipozuka mwaka 1998, nchi ikagawanyika, treni ya kutoka Lubumbashi haikuweza kutufikia. Lakini ziwa lilibaki, na mitumbwi ikaleta chakula. Vivyo hivyo katika kichwa: mshipa mmoja wa shingoni ukizibika polepole, damu ya njia nyingine yaweza kuzunguka na kuufikia upande wenye njaa.

Aliyeionyesha duara hiyo waziwazi kwa maelezo na picha ni daktari Mwingereza, Thomas Willis, katika kitabu alichokitoa mwaka 1664. Picha zake nyingine zilichorwa na Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo huko London. Willis alisimulia habari za mtu aliyekufa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Alipompasua alikuta mshipa mmoja wa mbele ya shingo umegeuka mgumu kama jiwe, haupitishi damu, na mshipa wa nyuma wa upande uleule umepanuka sana ili kufanya kazi ya mwenzake. Mtu yule aliishi hivyo, wala hakupooza.

Mwaka uliofuata, 1665, kijana kutoka Denmark aitwaye Niels Stensen aliitwa kuwafundisha wataalamu wa Paris habari za ubongo. Alianza kwa kukiri mbele yao wote kwamba juu ya ubongo yeye hajui kitu; kisha akawaonyesha mmoja mmoja makosa ya wale waliojidai kujua. Mwaka 1667 aliingia katika Kanisa Katoliki, mwaka 1675 akapewa upadre, na mwaka 1677 akawa askofu. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 23 Oktoba 1988. Twamtaja hapa kwa sababu twahitaji unyofu wake. Penye ugonjwa tusiojua asili yake, ni heri kusema "hatujui, tukaulize hospitalini," kuliko kusema "twamjua aliyefanya."

Sasa, kama Mungu amefanya njia nne na duara ya kuziunganisha, mbona watu hupooza? Kwanza, duara si kamili kwa watu wote. Kwa wengi vijia vile ni vyembamba mno, au kimoja hakipo kabisa. Pili, mshipa ukizibika upande wa pili wa duara, katika mojawapo ya yale matawi, msaada waweza kuwa mdogo sana, kama nyumba iliyo mwisho wa kichochoro: kichochoro kikifungwa, hakuna kwa kupitia.

Nao ugonjwa huja kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuziba. Mafuta na ugumu hujengeka katika mshipa mwaka kwa mwaka, au donge la damu latoka moyoni na kukwama njiani. Tukumbuke Lukuga yetu, mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Msafiri Cameron alipofika mwaka 1874 aliona mlango wake umesongwa na majani. Hore alipokuja mwaka 1879 aliukuta mto ukienda kwa nguvu. Lukuga iliweza kungoja miaka ikafunguka. Ubongo hauna subira hiyo. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani alipiga hesabu kwamba tawi kubwa likizibika, kila dakika hufa chembe hai za ubongo karibu milioni 2. Namna ya pili ni kupasuka. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi, yaani presha, huchosha mishipa midogo ndani ya ubongo mpaka mmoja wapasuka, na damu ikamwagika mahali isipotakiwa. Namna zote mbili watu wa Tanzania na Kenya huziita kiharusi. Wauguzi wetu huzitaja kwa herufi tatu za Kifaransa, AVC.

Ubongo wa kushoto hutawala mkono na mguu wa kulia, na wa kulia hutawala wa kushoto. Tena kwa watu wengi maneno yako upande wa kushoto. Jambo hili lilianza kujulikana Paris mwaka 1861, daktari Paul Broca alipopasua ubongo wa mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisema "tan" tu, akaona umeharibika upande wa kushoto, mbele. Ndiyo sababu mtu aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza pia usemi.

Sisi tulimzuru mzee wa namna hiyo, aliyewahi kufanya kazi ya reli. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Hakuweza kuomba maji. Alifungua kinywa, akatafuta neno, akalia kwa uchungu. Nyumbani walisema akili zimekwisha. Lakini tulipoanza rozari, aliitikia Salamu Maria pamoja nasi, maneno yote, mpaka mwisho. Watoto wake walishtuka, wengine wakanena ni mwujiza. Madaktari wajua jambo hilo: sala na nyimbo tulizozizoea tangu utoto mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kujitungia yamepotea. Kwetu sisi hiyo haipunguzi neema. Yatuonyesha kwamba mzee alikuwepo ndani, anatusikia, wala haikufaa kusemwa mbele yake kama mtu aliyekwisha ondoka.

Tena alikuwa amesikia mengi. Siku tatu za kwanza ndugu walimpeleka kwa mfumu, naye akamtaja dada wa mzee, mama mjane aliyeishi nyuma ya nyumba. Alifukuzwa usiku, na masufuria yake yakatupwa njiani. Mzee alipofikishwa hospitalini, presha yake ilikuwa juu mno. Mwanawe mmoja alikumbuka ndipo kwamba baba aliwahi kupewa vidonge, akavitumia mwezi mmoja, akaviacha kwa sababu alijisikia vizuri. Basi aliyemwangusha alikuwa amejulikana tangu zamani, na jina lake limeandikwa katika karatasi ya dispensari ndani ya sanduku. Yule mama alirudi baada ya majuma mengi, akakaa kitandani kwa kaka yake, akamshika mkono ule uliopooza. Hakuna aliyemwomba msamaha siku ile. Twajua nyumba nyingine ambazo dada hakurudi kamwe.

Watu hutuuliza: "Mbona yeye, na mbona siku ile?" Jibu ni kwamba presha hufanya kazi yake kimya kwa miaka mingi, bila maumivu. Mtu hulima, hucheka, huimba kwaya, na mshipa unazidi kuchoka. Siku unapopasuka, sisi twaona siku moja tu. Miaka iliyotangulia hatukuiona. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kumtaja mtu kuwa mchawi kwa sababu mshipa wa ndugu yetu umeziba ni kuivunja amri hiyo, na mara nyingine hufungua mlango wa kuivunja ya tano.

Basi yatupasa kufanya nini? Tazama mambo matatu: uso umepinda upande mmoja? Mkono mmoja washuka ukiinuliwa? Maneno yanakorogeka au hayatoki? Ukiona hata moja limekuja ghafula, mpeleke hospitalini saa ile ile, na ukumbuke lilianza saa ngapi. Ziko dawa za kuyeyusha donge la damu, lakini kwa kawaida sharti zitolewe ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya kupiga picha ya kichwa, kwa maana kama mshipa umepasuka dawa hizo zingeua. Mashine hizo ni za miji mikubwa, na Lubumbashi iko mbali. Hata hivyo hospitali ya karibu hufaa sana. Muuguzi atapima presha, atapima sukari, kwa sababu sukari ikishuka mno yaweza kuiga ugonjwa huu, atatafuta malaria, atamgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongoni. Njiani mlaze kwa ubavu, wala usimpe maji, chakula wala dawa ya kunywa, kwa sababu koo laweza kushindwa kumeza na vikaingia mapafuni. Dalili zikipita baada ya dakika chache, usifurahi ukarudi nyumbani: hiyo ni onyo, nenda upimwe. Tena msidhani ni ugonjwa wa wazee tu. Mtoto mwenye damu ya SS aweza kupatwa nao.

Aliye na presha anywe vidonge vyake hata akijisikia mzima, apunguze chumvi pamoja na samaki wa chumvi, aache tumbaku na pombe nyingi. Na padre aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya kumtia mgonjwa nguvu. Kumwita padre si kutangaza kifo.

Wengine hudhani kwamba kukimbilia dawa ni kupungukiwa na imani. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, aliishi Adrian Atiman, mtoto aliyechukuliwa utumwani Afrika ya Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa daktari na katekista pamoja mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mikono iliyowatibu wagonjwa na kinywa kilichofundisha katekisimu vilikuwa vya mtu mmoja, wala haviku­gombana.

Mungu aliyeupa ubongo njia nne ametupa na sisi njia zaidi ya moja za kumfikia mgonjwa: hospitali, sala, sakramenti, na jirani mwenye huruma. Tusizifunge kwa masingizio. Yezu Kristu, aliyemponya mtu wa kupooza aliyeletwa na rafiki zake wanne, atujalie kuwa miongoni mwa hao wanaobeba machela.