Bati lililotufanya tulale Iringa

Tulikuwa tumefika kama nusu ya njia kati ya Iringa mjini na geti la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tuliposikia mlio wa kwanza. Paa! Ukafuata mwingine, kisha mfululizo, kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria. Binti yangu wa mwisho, mwenye miaka minane, akageuka kutazama nyuma.

"Mama, tela linapigwa mawe."

"Nani analipiga?"

"Sisi wenyewe."

Alisema kweli. Magurudumu ya nyuma ya gari letu yalikuwa yanarusha kokoto, na tela tulilokuwa tunavuta lilikuwa linazipokea usoni. Nikamtazama baba watoto. Akatazama saa. Hakupunguza mwendo.

Tela lenyewe halikuwa letu. Ni la kaka yake mkubwa, ambaye watoto wanamwita baba mkubwa. Ni tela la kupigia kambi, la magurudumu mawili, ambalo ukifika unakunjua hema juu yake na ubavuni unavuta droo yenye jiko. Kwa familia yenye watoto watatu ni nafuu kubwa, maana gharama ya vyumba hifadhini si mchezo. Mbele, upande unaotazama gari, limefunikwa bati nene la alumini lenye vinundu, kama lile la kwenye ngazi za mabasi. Kazi ya bati hilo ni moja tu: kupokea mawe ili yasitoboe ubao ulio nyuma yake.

Siku ya kutukabidhi, shemeji alitupa sharti moja. "Lami inapoisha, na mwendo uishie hapo hapo. Arobaini, basi."

Haraka yetu ilianzia Kalenga

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, likizo ya Juni. Tukanywa chai Morogoro, tukapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi ambako barabara kuu inakata mbuga kwa takriban kilomita 50, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, kisha tukapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori. Iringa ilitupokea kwa baridi ambayo watoto wa Dar hawaijui. Usiku ule walilala na masweta.

Kesho yake tulisimama Kalenga, nje kidogo ya mji, penye makumbusho ya Mtwa Mkwawa. Nilidhani tungekaa nusu saa. Lakini watoto walipooneshwa fuvu la kiongozi huyo wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani, maswali hayakwisha. Kwa nini walilichukua? Kwa nini lilirudishwa mwaka 1954, miaka yote hiyo baadaye? Kijana wangu mkubwa, mwenye miaka 12, aliuliza kama kuna vingine ambavyo bado havijarudi. Saa mbili zikapita, na sijutii hata dakika moja.

Kosa tulilifanya tulipotoka pale. Mbele yetu kulikuwa na safari ndefu ya vumbi na changarawe, na baba watoto alitaka kufidia muda, akiogopa tungekuta geti limefungwa. Mshale ukapanda hamsini, sitini, sabini.

Tulifika geti likiwa wazi. Askari wa hifadhi alizunguka tela mara moja, akainama mbele yake, akauliza, "Jamani, mlikuwa mnakimbizwa na tembo?"

Bati lilikuwa limebonyea kila mahali. Kona ya chini, upande wa kushoto, ilikuwa imeng'oka na kujikunja, imeacha uwazi unaopitisha kiganja cha mkono. Tukaifunga kwa waya, tukaingia.

Siku mbili za furaha yenye doa

Ruaha ni kubwa. Eneo la Usangu lilipoongezwa mwaka 2008, hifadhi ilifikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Tulipiga kambi karibu na Msembe, makao makuu yake. Usiku tuliwasikia viboko mtoni, na watoto walishika bila kurudiwa lile agizo la kutotoka hemani gizani. Mchana tuliona mibuyu mikubwa iliyochunwa magome na tembo, twiga wakivuka barabara bila haraka, na mbung'o ambao nao walitaka haki yao. Mzazi mwenzangu, ukienda huko usimvishe mtoto nguo za bluu wala nyeusi; wadudu hao huzifuata rangi hizo.

Lakini kila asubuhi nilimwona baba watoto amechuchumaa mbele ya tela, kikombe cha chai mkononi, akilitazama lile bati. Siku ya pili akaniambia kwa sauti ya chini, "Tukifika Iringa tutafute fundi apachike bati jipya juu ya hili. Kaka hatajua."

Sikumjibu. Hema ni kitambaa tu, na nilijua ndani yake kuna masikio sita.

Gereji ya Ipogolo

Tulirudi kwa mwendo wa arobaini, na mawe hayakutupiga tena. Ipogolo iko bondeni, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapopita chini ya mlima wa mji. Malori hupumzika hapo, na penye malori mafundi hawakosekani. Tulielekezwa kwa mzee mmoja wa kunyoosha bodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamwene. Watoto hawajambo?"

Baba watoto akamweleza haja yetu. Mzee akagonga bati kwa kifundo cha kidole, huku na huku, akisikiliza.

"Naweza kupachika juu yake. Saa moja, mnaondoka. Ila nyuma kuna nini sitajua, na wewe hutajua."

Hapo binti yetu akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu kule kambini. "Baba, na baba mkubwa naye hatajua?"

Pale gereji kulikuwa na nyundo tatu zinagonga, lakini mimi nilisikia kimya. Baba watoto akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akachukua simu yake na kwenda kusimama kivulini. Alirudi sauti ikiwa imewekwa wazi. Nadhani alitaka na sisi tusikie, ili aibu iwe moja.

"Watoto wazima?" shemeji aliuliza kwanza.

"Wazima, kaka."

"Ulikuwa unakwenda ngapi?"

"Sabini."

"Nilikuambia ngapi?"

"Arobaini."

Shemeji akanyamaza kidogo. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Taa za tela zinawaka? Waya wake unapita nyuma ya hilo bati, kona ya kushoto."

Tulikuwa tumezijaribu taa Dar es Salaam, siku ya kuondoka. Hatukurudia. Kijana wetu akaenda kusimama nyuma ya tela, baba yake akaingia garini.

"Breki!"

"Hamna kitu, baba!"

"Indiketa ya kushoto!"

"Hamna!"

"Ya kulia!"

"Imewaka… imezima tena!"

Nilihisi baridi ambayo haikuwa ya Iringa. Kesho yake tulikuwa tuteremke Kitonga, mteremko wa kona kali juu ya korongo, malori yenye mizigo mizito mbele yetu na nyuma yetu. Na dereva wa lori la nyuma hazioni taa za gari dogo lililofichwa na tela. Anaona taa za tela tu.

Kilichokuwa nyuma ya bati

Basi hapakuwa tena na habari ya saa moja. Mzee alitoboa vichwa vya riveti za zamani kwa drili, moja baada ya nyingine, akalishusha bati zima. Waya ulikuwa pale pale shemeji aliposema. Ile kona iliyong'oka ilikuwa inaukwaruza kila tela lilipotikisika, hadi ngozi yake ikaisha na nyuzi za shaba zikabaki wazi. Fundi umeme wa gereji ya jirani aliukata, akaunga kipya, akauingiza ndani ya bomba la plastiki ili usiguse chuma tena.

Kulikuwa na jingine. Pembeni mwa ile kona ubao ulikuwa na unyevu na doa jeusi la muda mrefu, maana huku Juni hakuna mvua. Mzee akatuonesha skrubu mbili za chuma zenye kutu. Mtu, zamani, aliwahi kurekebisha hapo kwa kutumia alichokuwa nacho. "Chuma na alumini vikikaa pamoja penye unyevu," alisema, "alumini huliwa. Kona hii ilishalegea. Mawe yamemalizia tu."

Nikamtazama mume wangu. Kisingizio kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni. Akatikisa kichwa. "Sawa, mzee. Lakini ile sabini ni yangu."

Kazi ilichukua siku nzima, na watoto hawakuchoka kuitazama. Bati la zamani lilinyooshwa kwa nyundo ya mpira, likalazwa juu ya boksi lililokunjuliwa, na kijana wetu akachora umbo lake kwa kalamu. Boksi likakatwa, likajaribiwa kwenye tela, likapunguzwa kidogo. Ndipo bati jipya, tulilolinunua duka la vifaa mjini, likakatwa kwa kufuata boksi lile. Mzee aliwasogeza watoto mbali wakati wa kukata, maana ukingo mpya wa bati ni wembe, na hakumruhusu mtu kulishika mpaka alipopitisha tupa na msasa kuzunguka pande zote.

Ubao ulikwanguliwa, ukaachwa juani hadi ukauke kabisa, ukapakwa rangi. Silikoni ikapakwa juu na pembeni. Chini akaacha wazi makusudi. Binti yangu akauliza kwa nini.

"Maji yana akili kuliko sisi, mjukuu wangu. Yataingia tu. Basi tuyaachie mlango wa kutokea."

Riveti zilikuwa za alumini, na alianza katikati akielekea pembeni, ili bati lilale na lisivimbe. Mwisho akazunguka nyuma ya gari letu, akacheka. Magurudumu hayakuwa na raba za kuzuia matope. "Mmebadilisha bati, lakini anayerusha mawe mmemwacha," alisema, akatukatia mbili nzito na kuzifunga kwa boliti.

Pesa tulizotenga kwa ajili ya kulala Mikumi ziliishia Ipogolo. Watoto walinung'unika, halafu wakalala fofofo katika nyumba ya wageni, wote watatu kitanda kimoja kwa sababu ya baridi.

Kuteremka Kitonga

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, kijana alikwenda nyuma ya tela bila kuambiwa. Breki: inawaka. Kushoto: inawaka. Kulia: inawaka.

Kitonga tuliteremka kwa gia ndogo. Nyuma yetu kulikuwa na lori refu lililotoka juu, na mimi nilikaa nikilitazama kwenye kioo cha pembeni. Kila baba watoto alipogusa breki, lori nalo lilipunguza na kuacha nafasi. Kona baada ya kona. Sikusema neno mpaka tulipofika chini penye mibuyu. Huko Mikumi, pundamilia na twiga walikuwa kando ya barabara kuu, wakionekana bure, na manung'uniko yakaisha.

Mzazi mwenzangu, huenda huna tela. Lakini siku moja utaazima la mtu, au utakodi, au utafunga mizigo juu ya gari na kwenda na watoto kijijini. Jaribu taa zote kila asubuhi ya safari, sio siku ya kuondoka peke yake. Hiyo ni kazi nzuri ya mtoto mkubwa. Kwenye changarawe punguza mwendo, na upepo wa tairi punguza kidogo, ukikumbuka kuurudisha ukifika kwenye lami. Beba waya, gundi ya karatasi ngumu na tochi. Panga muda wa watoto kuuliza maswali njiani, ili usije ukaufidia kwa kukanyaga mafuta. Na kitu cha watu kikiharibika, mpigie mwenyewe kabla hujampigia fundi. Yeye ndiye anayejua waya umepita wapi.

Tulirudisha tela Jumapili jioni. Shemeji alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu, akibonyeza riveti moja moja kwa kidole gumba. Hakusifu, hakugomba. Alipoinuka alimgeukia kijana wetu.

"Nani alikuwa anaangalia taa?"

"Mimi, baba mkubwa."

"Basi Desemba mkija kulichukua, uje na wewe."