"Ndiyo" Yetu na "Yes" Yao

Katika maneno yote ya Kiingereza, yale mawili yafundishwayo siku ya kwanza, yaani "yes" na "no", ndiyo yaliyonipa kazi kupita yote katika miaka yangu ya ualimu. Mtoto huyajua kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi, na mzee asiyepata kuingia shuleni huyajua vilevile. Lakini mtu akiulizwa swali lenye kukana ndani yake, hapo ujuzi huyeyuka, na mwenye cheti kikubwa na asiye na cheti huwa sawasawa.

Sababu yake si ujinga. Tazama Kiswahili chetu. Nikikuuliza, "Hukwenda sokoni?" nawe hukwenda, utanijibu, "Ndiyo, sikwenda." Neno lenyewe lajieleza: ndiyo, maana yake ndiyo hayo uliyoyasema. Hunijibu habari ya soko. Wanijibu habari ya maneno yangu, kwamba nimenena sawa. Na kama ulikwenda utasema, "La, nilikwenda," yaani maneno yangu siyo. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye akiulizwa, "Didn't you go to the market?" hayapimi maneno ya mwulizaji hata kidogo, hulipima jambo lenyewe. Kama alikwenda, husema, "Yes, I did". Kama hakwenda, husema, "No, I didn't", swali liwe la kukana au lisiwe. Kwake "yes" na "not" havikai pamoja katika jibu la namna hii. Wala tusidhani kwamba sisi tu peke yetu, maana Wajapani nao hujibu kama sisi.

Hatari ya jambo hili niliiona katika hospitali moja, nilipokuwa nimeketi benchini kungoja zamu yangu. Daktari alikuwa Mwingereza, mgeni katika nchi. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja amempakata mtoto mwenye homa kali. Mama huyu alikuwa amesoma, na Kiingereza chake kilimtosha, kwa hiyo hakuitwa mkalimani. Daktari akamwuliza, "You haven't given him any medicine today, have you?" Mama akajibu kwa adabu, "Yes, Doctor." Alitaka kusema: ndivyo, sijampa. Daktari akasikia: nimempa. Akaanza kuandika kwamba mtoto asipewe dawa ya homa mpaka jioni, asije akazidishiwa. Kwa bahati, mwuguzi aliyesimama karibu alikuwa ameyaona mambo hayo siku nyingi, akauliza kwa Kiswahili, "Mama, mtoto amekunywa dawa leo, au bado?" "Bado, dada, hajanywa kitu tangu jana." Karatasi ikabadilishwa. Pale hapakuwa na aliyesema uongo, wala asiyejua maana ya "yes". Nami naisifu hasa namna ya kuuliza ya yule mwuguzi, kwa kuwa swali lenye "au bado" halijibiki kwa neno moja la ndiyo.

Mahakamani ni vivyo hivyo. Shahidi akiulizwa, "You did not see this man, did you?" na karani akaandika "Yes" peke yake, atakayeisoma karatasi hiyo kesho hatajua kama mtu alionekana au hakuonekana.

Yapendeza kujua ya kuwa Waingereza wenyewe hapo zamani walikuwa na maneno manne, si mawili. Swali lisilo na kukana lilijibiwa kwa "yea" au "nay", na swali la kukana kwa "yes" au "no". Ukiuliza, "Je, yuko?" naye yuko, jibu lilikuwa "yea", ukiuliza, "Je, hayuko?" naye yuko, jibu lilikuwa "yes". Jambo hili liliingia hata katika ugomvi wa dini. William Tyndale alilifasiri Agano Jipya kwa Kiingereza, likapigwa chapa mwaka 1526. Katika sura ya kwanza ya Injili ya Yohana, pale Yohana Mbatizaji aulizwapo kama yeye ni nabii, Tyndale aliandika kwamba alijibu "no". Thomas More, aliyeichukia tafsiri hiyo, akamkemea katika kitabu chake cha mwaka 1532 kwamba ilipasa kuandikwa "nay", kwa kuwa swali halikuwa na kukana. Naye More mwenyewe, alipokuwa akiieleza kanuni hiyo, aliipindua mahali pamoja! Wote wawili waliuawa kwa mambo mengine makubwa kuliko hayo, More mwaka 1535 na Tyndale mwaka 1536, na kanuni nayo ikapotea vinywani mwa watu. Yakabaki maneno mawili kufanya kazi ya manne. Wafaransa wangali na neno lao "si", na Wajerumani "doch", la kumjibu aulizaye kwa kukana hali jambo lipo. Waingereza hawana tena.

Sasa nije kwenye kile ninachokiita mkia. Waingereza hupenda kutia swali dogo mwishoni mwa maneno, kama sisi tusemavyo "sivyo?" Ila mkia wetu ni mmoja kwa wanyama wote, kwao kila mnyama ana wake. Maneno yakikubali, mkia hukana: "Your brother is a carpenter, isn't he?" Maneno yakikana, mkia hukubali: "She can't swim, can she?" Pasipo kitenzi cha kusaidia, "do" huazimwa: "They grow coffee, don't they?" Tena "never" huhesabiwa kuwa neno la kukana: "He never comes late, does he?" Mkia wa "I am" ni "aren't I?" na huo sijaona njia ya kuwaeleza watoto, wakariri tu.

Kwa kuwa sisi tumezoea mkia mmoja, wanafunzi wetu huubandika "isn't it?" kila mahali: "You are coming tomorrow, isn't it?" Wahindi wengi husema hivyo pia, na siku hizi vijana wa London wameufupisha wakausema "innit" kwa kila kitu. Mimi huufuta kwa wino mwekundu katika daftari la mtihani, lakini njiani simcheki mtu ausemaye, maana aeleweka.

Lililo gumu zaidi ni sauti, nayo haiandikiki. Jirani akisema, "The rains are late, aren't they?" na sauti ikashuka mwishoni, hana shaka lolote, ataka umwitikie tu, "Yes, they are," kama sisi tuitikiavyo salamu. Sauti ikipanda, auliza kweli, na yafaa umpe habari.

Liko na swali la kukana ambalo si swali kabisa, ni ukarimu. "Won't you sit down?" ni karibu uketi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeambiwa hivyo na mgeni akabaki amesimama, akidhani anakemewa kwa kukataa kuketi. Na kinyume chake, "Can't you see I am busy?" haitaki jibu, ondoka.

Mwisho nilitaje lile lisilo na kukana hata kidogo, ila lawanasa wanafunzi wangu kila mwaka: "Do you mind if I open the window?" Maana yake, je, utachukizwa nikifungua dirisha? Mwanafunzi mwenye adabu hujibu, "Yes, sir," kwa moyo wa kuruhusu, na mgeni huketi ametota jasho, dirisha limefungwa, asijue amekosa nini. Mwambie, "No, not at all," kisha inuka ulifungue wewe mwenyewe.