Mkono Wako Haujaketi



Majuma mawili karatasi yetu haikutoka, na wengi wenu mlituuliza sababu. Kwenye soko la Kadutu ilisemwa kwamba franka za kuchapisha zimeliwa. Wengine walisema ordinateri imeibiwa. Hapana. Franka zipo na ordinateri ipo. Kilichokosekana ni mkono wa kuume wa Mama Sekreteri wetu. Leo tunaandika habari ya mkono huo, kwanza kwa sababu sisi wa komite tuna deni kwake, na tena kwa sababu tunajua iko mikono mingine kati yenu inayoumia vilevile bila kusema.

Mnajua kazi yake. Vikundi vyetu vya akiba ni 12. Kila juma kila kikundi kinaleta daftari lake: nani amenunua sehemu ngapi, nani amekopa, nani amerudisha, nani ameweka katika mfuko wa msaada. Yeye ndiye anayeingiza hesabu zote katika ordinateri, kisha anaandika karatasi hii mnayoshika. Umeme ukiwepo asubuhi, anafanya asubuhi. Ukikatwa na kurudi saa mbili za usiku, anafanya usiku, maana hakuna anayejua kama kesho utakuwepo. Kuna siku anakaa saa saba ameshika suri. Tunasema suri kama tulivyozoea. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kipanya. Ni kile kidude cha kiganjani kinachotelezeshwa mezani ili mshale utembee kwenye kioo cha ordinateri. Uzito wake haufiki hata wa kikombe cha chai, ndiyo maana hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kinaweza kumwumiza mtu.

Ilianza usiku. Alikuwa anaamka na vidole vimekufa ganzi, kidole gumba na viwili vinavyofuata, anatikisa mkono mpaka damu irudi, kisha analala tena. Baadaye bega likaanza kuwaka moto, na shingo ikawa ngumu kama mti. Nyumbani akashindwa kukamua nguo za watoto. Kutwanga sombe akamwachia binti yake wa miaka kumi. Siku moja kikombe kilimponyoka mbele yetu bironi, tukacheka, tukamwambia amelala vibaya. Naye akacheka pamoja nasi.

Hakusema neno. Tulipomwuliza baadaye kwa nini alinyamaza, jibu lake lilitufunga kinywa: "Ningesemaje mbele ya wamama wanaobeba magunia? Mimi nimekaa kwenye kiti, kivulini, nasukuma kitu kidogo kama sabuni. Nani angeniamini?"

Kweli, tusingemwamini. Maneno yalikuwepo tayari. Wengine walisema ni uvivu wa watu wa biro. Wengine walisema amelishwa karuho na mtu anayetaka nafasi yake. Alikuwa anapakwa mafuta na kukandwa kila jioni, asubuhi anarudi kwenye meza ileile, kwenye kiti kilekile, na maumivu yanamngoja hapo.

Kisha ikaja siku ya posho ile mnayoikumbuka. Tulikuwa tunakaribia kugawana akiba ya mwaka, tukasoma hesabu mbele ya wote. Mama mmoja aliyekuwa ameweka franka 150 000 akasikia jina lake na franka 15 000. Sifuri moja ilipotea. Mnajua kelele iliyotokea, na maneno yaliyomwangukia Mama Sekreteri hapo hapo. Daftari la mkono lilifunguliwa, kosa likaonekana, likasahihishwa, hakuna aliyepoteza hata franka moja. Lakini neno "mwizi" lilikuwa limekwisha kutamkwa. Jumatatu yake alikuja, akaweka ufunguo wa biro mezani, akasema vidole havisikii tena anapobonyeza, basi tutafute mtu mwingine.

Huyo mama ana watoto wanne, na kile kidogo tunachompa ndicho kinacholipa masomo yao. Tungempokea ufunguo, tungekuwa tumemfukuza kwa ugonjwa tuliompa sisi wenyewe.

Aliyeokoa jambo hili si mtu wa komite. Ni mama mzee mmoja kati ya wabebaji wetu wa mizigo, ambaye alifika siku hiyo kuangalia sehemu zake. Aliomba aonyeshwe jina lake kwenye kioo. Mama Sekreteri akakaa ili amwonyeshe, na mama mzee akasimama nyuma yake. Hakuangalia kioo. Aliangalia mkono.

"Mwanangu, mkono huu nani anaubeba?"

"Ni mimi mwenyewe, mama."

"Na kamba yako iko wapi?"

Hatukuelewa. Akatueleza jinsi ambavyo angemweleza mtoto. Wao wakipanda mlima na gunia la makala, kamba inapita kwenye kipaji cha uso, gunia linakaa mgongoni. Kamba hiyo nayo inaumiza shingo, hakuficha. Lakini gunia likishikwa kwa mikono mitupu, hata nusu ya mlima hulimalizi. Mzigo unataka mahali pa kuegemea. Kisha akamgusa begani, akasema: "Wewe umeketi, lakini mkono wako haujaketi. Tangu nimefika uko hewani."

Hapo ndipo sisi tuliangalia kwa mara ya kwanza. Meza ni ile ya kulia chakula tuliyopewa, ndefu kwenda juu. Kiti ni cha plastiki, kifupi. Kwa hiyo bega lake lilikuwa limepandishwa siku nzima, kana kwamba anauliza swali. Mbele yake klavie pana, yenye namba upande wa kuume. Baada ya klavie kuna rundo la madaftari. Ng'ambo ya madaftari ndiyo suri. Ili aifikie alinyosha mkono mbali na mbavu, kiwiko hakigusi kitu, na kifundo cha mkono kimekunjwa kwenye ukingo mkali wa mbao.

Jaribuni hapo mlipo. Nyosheni mkono mmoja mbele, mtupu, bila kushika kitu, mtu mwingine aimbe wimbo mmoja wa kanisani mpaka mwisho. Kabla ya ubeti wa tatu bega litakuwa linaomba huruma. Mkono mzima wa mtu ni karibu sehemu 5 kwa 100 za uzito wake. Mama wa kilo 60 ana mkono wa kilo 3 hivi. Suri haina uzito, ni kweli. Mzigo ni mkono wenyewe.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Muganga alimkunja kifundo, akamgonga-gonga, akamwuliza vidole gani vinakufa ganzi. Alitueleza kwamba ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, mifupa upande mmoja na utepe mgumu upande wa pili. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa wa fahamu wa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu, au kikikandamizwa, njia inabana na mshipa unalalamika, hasa usiku. Wanawake wanapata shida hii kuliko wanaume, na mimba inaiongeza kwa sababu mwili unavimba. Kukamua nguo na kutwanga vinaongeza pia. Kwa hiyo si suri peke yake, lakini saa saba za suri juu ya kazi za nyumbani ni nyingi. Kuhusu bega na shingo, alisema jambo lilelile la mama mzee: misuli inayoshikilia mkono hewani bila kupumzika inachoka, kisha inauma.

Alimpa kifaa cha kunyosha kifundo wakati wa kulala, na majuma mawili ya kupumzisha mkono. Hayo ndiyo majuma ambayo hamkupata karatasi.

Katika majuma hayo tuliita fundi seremala. Kwanza alimkalisha Mama Sekreteri, mabega yamelegea, viwiko kando ya mbavu, akapima kutoka chini hadi kiwiko. Miguu ya meza ikakatwa ifikie kipimo hicho. Kisha akachukua ubao laini, mpana kama mikono miwili ya mtu iliyolazwa, akaufunga kwenye ukingo wa meza ukitokeza upande wa mtu anayekaa. Juu tukaweka kipande cha godoro kuukuu, chembamba, tukakifunika kwa kitenge. Sasa sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo inalala hapo, na bega linashuka. Madaftari yamehamia kushoto. Suri imesogea karibu kabisa na klavie, urefu mmoja na klavie.

Fundi alicheka kwamba tunatengeneza ordinateri kwa mbao. Kumbe suri yenyewe ilianza na mbao. Ile ya kwanza, ya mwaka 1964, iliyobuniwa na Mmarekani Douglas Engelbart, mwili wake ulikuwa kisanduku kidogo cha mbao.

Na ubao wa kuegemeza mikono si mchezo wetu tu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza jaribio la mwaka mzima kwa wafanyakazi 182 wa kupokea simu, wanaoshinda kwenye ordinateri. Wale waliopewa ubao mpana wa kuegemeza mikono mbele ya meza walipungukiwa na maumivu ya shingo na mabega kuliko wale waliopewa mafundisho peke yake. Mafundisho ni mazuri, lakini mkono hauegemei mafundisho.

Kuna makosa ambayo sisi tuliyafanya kwanza, msiyarudie. Tuliweka godoro nene, bega likapanda tena. Kiegemeo kikizidi kimo cha kiwiko kinaharibu. Tuliweka kitambaa kigumu chini ya kifundo, naye akawa anakandamiza palepale muganga alipokataza. Panapoegemea ni nyama ya mkono, si kifundo. Kifundo kibaki kimenyoka, na suri isukumwe kwa mkono mzima kutoka kiwiko, si kwa kupindapinda kifundo. Mkono usiishike suri kama anayeshika kuku asikimbie; ulegee. Tena, hata kiegemeo kizuri hakiondoi haja ya kusimama. Kila nusu saa anainuka, anatikisa vidole, anazungusha mabega, anachungulia ziwa dirishani, anarudi.

Jambo la mwisho tulilobadilisha halihusu mbao. Binti wawili wa vikundi wanajifunza kuingiza hesabu, ili mtu mmoja asibebe madaftari 12. Tuligundua kwamba tulikuwa tumempa kazi ya watu watatu, kisha tukashangaa kwamba alikuwa na mkono mmoja tu wa kuume.

Je, amepona? Tuwaambie kweli. Bega limetulia. Shingo inageuka. Usiku bado vidole vinakufa ganzi mara moja moja, na muganga amesema ganzi ikiendelea au kidole gumba kikipungua nguvu, arudi haraka, asingoje. Nguo nzito bado anakamuliwa na mume wake. Ndiyo, mume wake. Alipoelezwa na muganga, alianza mwenyewe, na majirani wameshachoka kucheka.

Siku ya posho iliyopita tulisimama mbele ya wote tukamwomba msamaha. Mama aliyetamka lile neno alisimama pia, akamshika mkono, ule ule wa kuume, polepole. Mama Sekreteri alisema jambo moja tu: kwamba uchungu wa mkono ulikuwa mdogo kuliko uchungu wa kufikiri kwamba hana haki ya kuumwa kwa sababu amekaa.

Kwa hiyo tunawaomba. Wewe unayeshona kwa mashine, angalia kiti chako na kiwiko chako. Wewe unayechapa barua za watu kwenye sekretaria ya barabarani, angalia suri yako iko mbali kiasi gani. Wewe ambaye mtoto wako anafanyia masomo kwenye ordinateri ya mjomba, meza kubwa na yeye mdogo, mwekee kitu cha kukalia apande, na kitu cha kukanyagia. Na mwenzako akikwambia anaumia katika kazi inayoonekana nyepesi, usimpime kwa gunia lako. Simama nyuma yake kidogo, uangalie mkono.

Aliye na kipande cha ubao asichokitumia akilete bironi. Fundi amekubali kutengeneza viegemeo vingine viwili kwa ajili ya binti wanaojifunza. Hesabu za kugawana ziko tayari na zimesomwa mara mbili, na watu wawili. Tunaonana siku ya posho, saa nane, kila mmoja na daftari lake.

Ni sisi wenu wa komite.