Kutoka Igoma hadi Lwala: Rambirambi na Kazi Yake

Makaburi ya Igoma yako upande wa mashariki wa Jiji la Mwanza, njia ya kuelekea Musoma. Daladala za Igoma haziishi, na ukishuka kituoni unakutana kwanza na soko, bodaboda, mafundi vyuma na akina mama wenye beseni za dagaa. Kwenye makaburi hayo ndiko walikozikwa watu waliopolewa baada ya MV Bukoba kuzama asubuhi ya 21 Mei 1996, safari ikiwa inakaribia mwisho. Meli hiyo ilianza kazi mwaka 1979, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaja Mwanza na watu wengi kupita kiasi hicho. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Kwa hiyo mpaka leo tunasema walikufa zaidi ya 800, na kila anayeandika habari zao anataja idadi yake.

Nilizunguka kati ya makaburi kwa muda mrefu. Kila mwaka, tarehe 21 Mei, ndugu hufika hapa na viongozi wa dini, wakasali, wakaweka maua, wakarudi makwao Bukoba, Muleba, Geita na kwingine. Sitaki msomaji adhani naidharau Igoma. Mtu aliyepoteza mzazi majini anahitaji mahali pa kusimama aseme, yuko hapa. Ziwa halimpi nafasi hiyo. Lakini niliondoka nikijiuliza: mbali na kaburi na mnara, waliokufa wamewaachia nini waliobaki?

Jibu la kwanza nililipata palepale Igoma, kwa mama mmoja muuza mboga, aliyenieleza habari za chama chao cha kuzikana. Mwanza nzima imejaa vyama hivi, mitaani, makanisani, misikitini, sokoni. Kwenye chama chao kila mwanachama anatoa ada yake ya mwezi, jina linaandikwa daftarini, mweka hazina anasoma hesabu mbele ya wote. Akifiwa mmoja, chama kinatoa fedha za jeneza, unga, maharage, usafiri wa kupeleka mwili kijijini. Kilichonivutia zaidi ni mali ya chama: sufuria kubwa, turubai, viti vya plastiki. Vilinunuliwa kwa ajili ya misiba, lakini harusi ikiwepo vinaazimwa, kipaimara vinaazimwa, na mtu wa mtaa asiye mwanachama anakodishiwa kwa bei nafuu. Fedha ya msiba, kwa hiyo, haiishii kaburini. Inazunguka mtaani miaka na miaka. Mama yule aliniambia kwamba nguvu ya chama ni daftari: asiyeandikwa hazikwi na chama, na anayeandikwa hawezi kusahauliwa.

Nilikwenda na neno hilo la daftari mpaka Kisiwa cha Ukerewe.

Feri ya Nansio hutumia saa kadhaa kutoka Mwanza. Unaacha nyuma Jiwe la Bismarck na vilima vya mawe, halafu ni maji, mitumbwi ya wavuvi wa sangara, na ndege weusi juu ya visiwa vidogo. Kutoka Nansio unavuka kisiwa hadi Bugolora, na Bugolora ndiko wanakopandia watu wa Ukara. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na wakulima wake wanasifika tangu zamani kwa kulisha ng'ombe zizini na kurudisha samadi shambani, ili kipande kilekile cha ardhi kizae mwaka hadi mwaka. Nataja jambo hili kwa sababu linaeleza watu wa pale: hawana desturi ya kuacha kitu kipotee.

Alhamisi, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Bwisya, Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Kilipinduka mita chache kabla ya gati, watu wakiwa wameshaanza kuona ndugu zao ufukweni. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Walionusurika walikuwa 41. Hesabu rasmi ya waliokufa ilifika 228. Na hapa pia hapakuwa na orodha ya kuaminika: mkata tiketi naye alikufa, na mashine yake ikapotea majini. Miaka 22 baada ya MV Bukoba, kwenye ziwa hilohilo, watu walihesabiwa kwa kuopolewa.

Jumapili ya 23 Septemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza mazishi ya pamoja Bwisya, ya baadhi ya marehemu, wakiwemo ambao hawakutambuliwa. Wengine walichukuliwa na ndugu zao. Kisha zikaanza kuingia rambirambi, kutoka kwa wananchi, mashirika, mabenki, viongozi, hata nje ya nchi. Familia za marehemu na walionusurika walipewa kwanza kifuta machozi. Salio likaelekezwa kwenye Kituo cha Afya Bwisya, kipanuliwe.

Kwangu uamuzi huo ni mkubwa kuliko ulivyozungumzwa. Kituo hicho ndicho kilichopokea majeruhi siku ile, kikiwa kidogo na kikiwa kisiwani, mahali ambapo mgonjwa mahututi inabidi avushwe maji ili afike hospitali kubwa. Mjamzito wa Ukara mwenye uchungu usiku, upepo ukivuma, amekuwa katika hatari ileile ya abiria wa kivuko, miaka yote, bila vyombo vya habari. Kwa kupeleka fedha pale, waliochanga waliwahudumia ndugu hasa wa waliokufa. Mzee mmoja niliyekaa naye karibu na gati alilieleza vizuri: rambirambi ya kawaida huliwa matanga yakiisha, lakini hii wanaitumia hata watoto waliozaliwa baada ya msiba.

Wapo wanaopinga mtindo huu, na hoja yao naiheshimu. Kagera, ng'ambo ya ziwa, ilipigwa na tetemeko tarehe 10 Septemba 2016. Nyumba nyingi zilianguka, shule zilipasuka, Ihungo na Nyakato zikiwamo. Michango ilikuja mingi. Serikali ikasema fedha zielekezwe kurudisha miundombinu ya umma, na wananchi wajenge nyumba zao wenyewe. Wengi waliumia kwa kauli hiyo, kwa sababu katika mila zetu zote za kandokando ya ziwa, Wahaya kwa Wasukuma, Wakerewe kwa Wajita, rambirambi hupewa mfiwa mkononi. Aliyeangukiwa na ukuta ndiye mfiwa. Kumpa jirani yake darasa jipya, yeye akilala chini ya turubai, kunaacha donge.

Nikilinganisha Bwisya na Kagera naona tofauti iko kwenye utaratibu wa kugawa. Bwisya wafiwa walishikwa mkono kwanza, ndipo kijiji kikafuata. Kagera kijiji kilitangulia, na kwa watu wengi zamu ya mfiwa haikufika. Nani aanze kupewa si jambo dogo. Mtu akishapewa pole yake kwa heshima, huwa yeye mwenyewe wa kwanza kukubali kinachobaki kiende kwa wote.

Kutoka Ukerewe nilishika njia ya nyuma kwenda Lwala, kijiji cha Kenya: kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, kisha Bunda, halafu barabara kuu ya kaskazini. Makutano ya Butiama nilipita bila kusimama sana, ingawa huko ndiko alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, mtu ambaye jina lake kivuko kile kilibeba. Daraja la Kirumi, Tarime, Sirari. Ukivuka mpaka unaingia Migori, na lugha ya barabarani inageuka Kijaluo, miwa inaanza, kisha Awendo na Rongo. Lwala iko huko ndani, Kamagambo Kaskazini, mbali kidogo na ufukwe lakini kwenye nchi ya ziwa bado.

Habari ya Lwala inaanza na kijiji kutoa, kabla hakijapokea kitu. Milton Ochieng', kijana wa hapo, alipopata nafasi ya kusoma Dartmouth College, Marekani, hakuwa na nauli. Wanakijiji wakauza kuku, wakauza ng'ombe, zikapatikana kama dola 900. Walimuaga wakimsihi asiwasahau. Mdogo wake, Fred, akamfuata baadaye katika chuo hichohicho, na wote wawili wakasomea udaktari Vanderbilt. Katikati ya masomo hayo mama yao alifariki kwa UKIMWI, mwaka 2004, na baba yao, aliyekuwa mwalimu, akafuata mwaka 2005. Baba ndiye aliyekuwa na ndoto ya zahanati kijijini. Vijana wakachangisha fedha kwa wenzao wa chuo na kwa makanisa, kijiji kikasaidia kujenga, na Aprili 2007 zahanati ikafunguliwa kwa kumbukumbu ya wazazi hao. Leo ni hospitali, na shirika lililoizaa, Lwala Community Alliance, linafanya kazi mbali zaidi ya kijiji hicho.

Majengo ya Lwala ni mazuri, lakini si hayo yaliyonifanya nibaki. Kilichonibakisha ni wahudumu wa afya wa jamii. Wengine walikuwa nyamrerwa, wakunga wa jadi, ambao miradi mingi ya afya huwafukuza au huwapita pembeni. Lwala iliwachukua, ikawafundisha, ikawalipa, na sasa kazi yao ni kumsindikiza mama kituoni badala ya kumzalisha jikoni. Wanapita nyumba kwa nyumba. Kila mjamzito anaandikwa, kila mtoto chini ya miaka mitano anaandikwa, chanjo zake zinafuatiliwa, anayeishi na virusi anakumbushwa dawa zake bila kutangazwa. Nikamkumbuka mama wa Igoma na daftari lake. Mbinu ni ileile: jina la mtu linaandikwa akiwa hai, na kuna mtu anayelipwa kulifuatilia.

Kuna jambo jingine Lwala walilolifanya ambalo Bwisya halikuwezekana kwa rambirambi peke yake. Wazazi wa akina Ochieng' walikufa kwa ugonjwa ambao huduma yake haikuwa karibu. Kumbukumbu yao ikaileta huduma hiyo karibu. Kumbukumbu ilijibu sababu ya kifo. Watu wa MV Nyerere hawakufa kwa kukosa wodi. Walikufa kwa sababu kivuko kilijazwa na hakuna aliyehesabu. Wodi ni sadaka njema kwa ajili yao, ila jibu la kifo chao liko gatini. Sehemu yake imekuja: kivuko kipya, MV Ukara II, kilichojengwa na Songoro Marine ya Mwanza, kina uwezo wa kubeba abiria 300. Nilikitazama kikipakia nikafurahi. Halafu nikawatazama wanaopanda kwa haraka siku ya gulio, na magunia, na watoto mgongoni, nikaona kwamba ukubwa wa chombo ni nusu tu ya jibu. Chombo cha watu 300 bila hesabu kinaweza kuua zaidi ya kile cha watu 101.

Lwala nako si kila kitu kinaweza kuigwa. Vijana wawili wenye marafiki Marekani hawapatikani kila kijiji, na fedha za wafadhili wa nje zina siku zake za kupungua. Bwisya ilijengwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa ni za Watanzania wenyewe, mkupuo mmoja, baada ya machozi. Mkupuo hujenga ukuta. Haulipi muuguzi mwezi wa saba, haununui glavu, hautengenezi boti ya wagonjwa injini ikikwama. Hapo ndipo vyama vya kuzikana vina cha kutufundisha, kwa sababu vyenyewe havichangi siku ya msiba tu. Vinachanga kila mwezi, msiba uwepo usiwepo. Ningependa kuona mfuko wa MV Nyerere wa namna hiyo: familia za Ukara zilizotawanyika Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko zikitoa kidogo kila mwezi kwa kituo cha Bwisya, na MV Bukoba kadhalika, ili tarehe 21 Mei Igoma isiishie kwenye maua, bali kisomwe pia kilichofanyika mwaka huo kwa majina ya wale 800 na zaidi. Watoto wa waliozama 1996 sasa ni watu wazima wenye kazi zao. Uwezo wanao.

Basi wewe unayesoma, ukiombwa mchango wa rambirambi ya ajali ijayo, Mungu aiepushe, toa. Kisha uliza wafiwa wamepata nini, na kilichobaki kinakwenda wapi, na hesabu yake itabandikwa ukuta gani ambapo mwenye kijiji anaweza kuisoma. Na ukipanda kivuko cha ziwa hili, hakikisha jina lako limeandikwa kabla hakijang'oa nanga. Usipoona anayeandika, shuka.